Ulimi wa Fundi wa Malindi

Jina lake silitaji. Watoto wake wako hai, tunakutana Darajani, tunapeana mikono, na wao hawakunikosea kitu. Nitamwita Fundi. Mjini mafundi wa magari walikuwa kadhaa, lakini ukisema Fundi tu, bila ya kuongeza neno, kila mtu alijua unamkusudia yule wa kiwanja cha Malindi, yule aliyekuwa akionja maji ya rejeta kwa ulimi wake.

Naam, akionja. Alikuwa na kikombe cheupe cha kahawa, kimemeguka ukingo, hakikufanya kazi nyengine. Gari likiletwa linachemka, anasubiri lipoe, anafungua mpira wa maji wa chini, anakinga matone machache, anachovya kidole, anatia mdomoni, anafumba macho. Sote tunanyamaza. Kisha anatoa hukumu kwa neno moja: "Kutu." Au, "Mafuta yanavuja ndani." Au lile lililokuwa likiogopwa na madereva kuliko yote, "Chumvi."

Chumvi ilikuwa aibu. Siku zile, nazungumzia miaka ya hamsini, magari yetu ya shamba yalikuwa makongwe, mengi ya kabla ya vita, yamebandikwa mabodi ya mbao, na barabara zetu nyingi zinaishia pwani. Dereva mvivu akiishiwa maji hutia yoyote aliyoyaona, hata ya kisima cha ufukweni. Maji hayo yanakula shaba ya rejeta na kuacha ukoko ndani ya injini kama ule wa birika la chai. Kwa hiyo Fundi akisema chumvi, maana yake dereva huyu hana amana. Tajiri mwenye gari hakuhitaji kuuliza zaidi.

Nakumbuka dereva mmoja wa Kiwengwa aliapa mbele yetu kwamba hajatia ila maji ya mvua. Fundi akaonja, akatema, akamwambia, "Ya kisima cha pwani haya, tena ulichotea ndoo iliyotiwa dagaa." Yule bwana akainamisha kichwa. Kumbe kweli! Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na tangu siku hiyo hapana aliyethubutu kubishana na ulimi wa Fundi.

Lakini huo huo ulimi, siku ya harusi yangu, ulisifu pilau ambalo wageni wote walilisukuma kando kwa chumvi. Mpishi alipitiwa, akatia mara mbili. Fundi alikula sinia lake akaomba na ukoko. Watu wakamtania, "Ulimi wa Fundi ni wa rejeta tu, kwenye chakula haufanyi kazi." Alikuwa mtu wa tambuu, mdomo haupumziki kutwa. Nilicheka na mimi. Ningekuwa na akili siku ile ningeacha kucheka nikafikiri.

Kazi yake, haki nimpe, alikuwa akiijua. Sijaona mtu anayesafisha njia za maji za injini kama yeye. Wengine walikuwa wanamwaga ya zamani na kutia mapya, basi, wakajiita mafundi. Yeye alikuwa anaroweka ukwaju, ule ule ambao wake zetu wanasugulia masinia ya shaba, anauchuja kwa kitambaa mara tatu, anajaza maji yake ndani ya rejeta, anawasha injini mpaka ipate uvuguvugu, anaizima, anaiacha. Akiyafungulia yanatoka mekundu na matope, unashangaa gari lilikuwa likitembea vipi. Halafu anasafisha kinyumenyume. Alikuwa na birika la maji ya mvua juu ya paa la nyumba ya mawe iliyo pembeni ya kiwanja, anashusha mpira kutoka huko, anaingiza maji kwa mdomo wa chini yatokee juu, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Anarudia mpaka maji ndani ya kile kikombe cheupe yaonyeshe kitako chake. Akiona alama ya kitako, anasema, "Sasa kaoga."

Injini alikuwa akiiita "huyu". "Huyu ana hasira, mwacheni apoe." Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu kutoka kiwiko mpaka kifundo, la siku alipofungua mfuniko wa rejeta ya moto ujanani, na kila dereva mpya lazima aonyeshwe kovu lile kabla ya kusalimiwa vizuri. Binadamu hakuwa na subira nao hivyo. Alikuwa mkali, mwenye kejeli. Mwenye gari akiuliza lini litakuwa tayari, humjibu, "Litakapotaka." Ijumaa tu ndiyo alikuwa mpole, na kanzu nyeupe isiyo hata doa, mikono ameisugua kwa ndimu na majivu mpaka huwezi kusema ni fundi.

Na alikuwa mkweli! Hapa ndipo ninapochoka mimi. Siku moja alisahau kukaza kibano cha mpira wa gari la Chwaka, gari limeshaondoka. Alichukua baiskeli, mtu mzima na tumbo lake, akalifukuza gari lile katika jua kali mpaka akalikuta limesimama linateremsha abiria. Akakaza kibano mbele ya wote, akasema, "Nilisahau mimi, dereva hana kosa." Akarudi amelowa jasho. Kisa hicho nimekihadithia mara ngapi! Nilikuwa nikiwaambia madereva wenzangu, mtu ni yule.

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya fundi. Baba yangu alikufa nikiwa bado sijaoa, na nilipotaka kuposa, ami yangu alikwenda na Fundi. Wakwe wakauliza kijana mwenyewe yukoje. Fundi akawajibu, "Huyu kijana hajatia maji machafu ndani ya gari tangu nimjue. Binti yenu hatamweka pabaya." Mkwe wangu alicheka, akaona basi, na posa ikapokelewa. Mdomo wa Fundi ndio ulionioza mke. Kila nikimuona nikamwamkia, "Shikamoo Fundi," naye hujibu, "Marahaba mwanangu," na lile "mwanangu" sikuwahi kulisikia akimwambia dereva mwengine.

Sasa nisikilizeni.

Nilikuwa naendesha gari la tajiri mmoja, njia ya Jambiani. Asubuhi napeleka sukari, mchele na watu, mchana narudi na nazi, kamba za makumbi na watu. Gari lilikuwa kongwe lakini nililitunza kwa roho yangu. Nilikuwa na debe la maji ya mvua nyuma ya kiti, halikosekani. Ikafika kaskazi, joto la kukausha mate, nikaona sindano ya joto inapanda kidogo kila nikipita Kitogani, nikalipeleka kwa Fundi likaogeshwe.

Alifanya kila kitu kama kawaida yake. Rejeta akaitoa kabisa, akaanza kuparura ukoko kwenye mdomo wa chini wa injini. Akaniambia, "Mwanangu, nipatie kitambaa niuzibe mdomo huu, takataka zisirudi ndani." Kitambaa safi hapakuwa. Nikachana pindo la kikoi changu nilichovaa, kikoi cheupe chenye mstari wa kijani, nikampa. Akakisokomeza. Mimi nikenda dukani kupakia magunia. Nyuma ikaadhiniwa alasiri, akaenda kusali, akarudi, akafunga rejeta, akafunga mipira, akajaza maji. Nilipokuja kulichukua akaonja kikombe chake, akasema, "Tamu. Nenda salama."

Kesho yake, njia ya kwenda, likachemka. Nikafanya alivyonifundisha. Nikasimama kivulini, nikangoja, nikafungua mfuniko kwa kitambaa, nikatia kidogo kidogo. Mpaka nafika Jambiani debe limekwisha.

Pale Jambiani, barabarani, alikuwa akikaa Bi Mwanakombo. Mama wa makamo, kazi yake kupiga makumbi na kusokota kamba, na madereva tukifika hutupa maji ya kunywa na pa kukaa. Nyuma ya nyumba yake, upande wa bara, ndani ya mwamba, kulikuwa na kisima alichoachiwa na wazee wake. Nikamwomba nijaze debe langu. Nikamuuliza, maana ndivyo nilivyofunzwa, "Bi Mwanakombo, hayana chumvi haya?"

Akacheka. "Nnayanywa tangu sijui kutembea. We umeniona nimeota kutu?"

Tukacheka sote. Nikajaza, nikaondoka. Kabla ya kufika Tunguu injini ikalia mlio sijapata kuusikia, ikazima, moshi ukatoka. Kichwa cha injini kimepasuka. Abiria wakashuka wakanitazama, na mimi nikakaa chini kwenye majani nikashika tama.

Lori likatuvuta mpaka Malindi. Tajiri yuko pale, amevuta uso. Madereva wamejikusanya, maana mambo haya watu hawayakosi. Fundi akalala chini ya gari, akafungua mpira wa chini. Nilikuwa nimechutama karibu yake. Akatia vidole kwenye ule mdomo wa injini, akasita. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akaniambia, kwa sauti ya upole, "Hebu kaniletee maji ya birikani, mwanangu."

Nikapanda juu mbio, nikashuka na kopo. Nikamkuta ameshatoka chini ya gari, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti lake, mwengine umeshika kikombe cheupe. Akachovya, akatia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa na matumaini, wallahi. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu wako anayesimama kukusemea.

Akatema. Hakunitazama mimi, alimtazama tajiri. "Chumvi," akasema. "Maji ya pwani."

Tajiri akanigeukia. "Ulitia maji wapi?"

"Jambiani. Lakini ya kisima cha Bi Mwanakombo, bwana, watu wanayanywa..."

"Basi," akasema. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Nikampa. Nikamgeukia Fundi nikisubiri neno lolote, hata "kijana hakujua". Alikuwa anafuta kikombe chake kwa ncha ya shati. Akakifuta na kukifuta.

Na mnajua kilichoniuma baadaye kuliko hilo? Nilimuamini. Mimi niliyeyachota maji yale kwa mkono wangu nilimuamini mtu aliyeyaonja kwa kidole. Nikasema, Fundi hasemi uongo, alilifukuza gari la Chwaka kwa baiskeli, kwa hiyo maji yana chumvi, na aliyenipa maji ni yule mwanamke. Nikapanda gari la watu, mimi abiria, mpaka Jambiani. Nikamkuta Bi Mwanakombo na wenzake wanapiga makumbi. Sikumsalimia. Nikasimama mbele yao nikamwambia, "Umenimaliza! Umenipa maji ya chumvi na ukanicheka!"

Wale wanawake wakaacha magongo yao. Yeye aliinuka, akaenda mtungini, akachota kwa kata, akanijia, akaninyooshea.

"Kunywa," akasema.

Sikunywa. Nilimpa mgongo mbele ya jamaa zake, nikaondoka, kata iko mkononi mwake. Habari ikatangulia kabla yangu. Madereva wakaacha kusimama kwake, kisima kikaitwa cha chumvi, na nikasikia kwamba siku hizi Bi Mwanakombo anapigia makumbi yake uani, hakai tena barabarani.

Mimi nikapewa jina. Watu wa Unguja kwa majina hawana huruma. Nikaitwa Maji Chumvi. Nikipita barazani, "Karibu Maji Chumvi!" Nikienda kuomba gari, tajiri anatabasamu kwanza, kisha ananambia atanifikiria. Hapana aliyenifikiria. Miaka miwili nilisukuma gari la mkono bandarini, mimi niliyekuwa nashika usukani, na mke wangu alikuwa anasikia mtoto wetu akiitwa mtoto wa Maji Chumvi.

Na Fundi? Fundi alizidi wema! Ramadhani aliniletea futari nyumbani, tambi na sambusa, kila mwaka. Tukikutana, "Mwanangu, vumilia." Nilikuwa namuombea dua. Khaa! Nakula futari yake na namuombea dua.

Mwaka wa tatu nikasikia anaumwa, amehamishiwa Chukwani kwa binti yake. Kisha akaniita. Nikaenda mchana, nikamkuta amelala kitandani barazani, amekonda, lile kovu limekunjamana. Nikamwamkia, akaitikia. Akamwambia binti yake atuache. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitu akanitilia kiganjani.

Kipande cha kikoi. Kimefuliwa, kimekunjwa, lakini kutu imekigandia. Mstari wa kijani unaonekana.

Sikuelewa, kisha nikaelewa.

"Nilikisahau mle ndani," akasema. "Maji hayakupata njia. Siku ile nilikikuta, watu wamesimama, tajiri amesimama. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikapita."

"Na chumvi?"

Akapitisha kidole midomoni. Halafu akasema, "Mimi sisikii ladha, mwanangu. Miaka mingi. Nilikuwa nnaangalia rangi, nnanusa, nnakutazameni nyuso zenu. Dereva mwongo anaonekana."

"Mimi nilionekana mwongo?"

"Hukuonekana," akasema.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mgonjwa yule, kitandani pale. Akanishika mkono. "Nihalalishie. Nnakwenda kwa Mola wangu. Kila nikitaka kukitupa kitambaa hicho mkono unakataa."

Nikamwambia, "Ijumaa wanakuja kukutazama. Tajiri anakuja, madereva wanakuja. Waambie wao, na mimi nitakuhalalishia hapo hapo mbele yao."

Akageuza uso ukutani. "Hilo usinitake," akasema. "Nimebakiwa na jina tu. Yaishe baina yangu na wewe na Mungu."

"Na Bi Mwanakombo yuko wapi katika hao watatu?" nikamuuliza. Nikatia kitambaa mfukoni, nikatoka bila ya kuaga.

Kesho yake nilikuwa Jambiani. Nilizunguka uani, nikapiga hodi, nikamkuta peke yake. Nikamwambia kila kitu nimesimama, nikamuonyesha kile kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa makumbi. Kisha akaenda mtungini, akachota kwa kata, akaninyooshea. Nikanywa. Maji matamu, baridi, hayana kitu. Nikanywa nikalia, mtu mzima mimi, nikamwomba radhi, akanambia nimeshasamehewa siku nyingi lakini nilichelewa kuja. Akanijazia chupa. Kizibo hakikuwepo. Nikakitoa kitambaa changu, nikaizibia.

"Mpelekee huyo mwenye ulimi," akasema.

Ijumaa baada ya sala baraza ya Chukwani ilijaa. Tajiri yuko, madereva wako, wamekaa mikekani. Mmoja akanipisha, "Karibu Maji Chumvi." Nikampa Fundi chupa mkononi, nikamwambia nimemletea maji ya kunywa. Kile kikombe cheupe kilikuwa pale pembeni ya kitanda, binti yake alimwekea kwa mapenzi. Fundi akaishika chupa, akataka kuizibua, vidole vikasimama juu ya mstari wa kijani. Akaninyanyulia macho. Nikangoja.

Akazibua, akatia maji kikombeni. Wote wakanyamaza, kwa mazoea, kama tulivyokuwa tukinyamaza Malindi. Na yeye kwa mazoea akachovya kidole, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Tamu," akasema.

"Ya mvua hayo?" tajiri akauliza.

"Ya Jambiani," nikajibu mimi. "Kisima cha Bi Mwanakombo. Kile kile."

Tajiri akanitazama mimi, akamtazama Fundi. Madereva wakamtazama Fundi. Neno moja tu nililitaka, na alikuwa nalo, na mlango aliwekewa wazi. Nikauona mkono wake wa kulia, ule wenye kovu, unakikunja kile kitambaa kidogo kidogo, unateremka nacho chini ya shuka.

"Kisima kimebadilika," Fundi akasema. "Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi."

"Ehe, kweli," wakasema. "Visima hubadilika." Wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Akanywa kikombe chote, kisha akaninyooshea. "Niongeze, mwanangu." Nikamtilia mpaka kikajaa, maana alikuwa mgonjwa ana kiu, na maji hayakuwa yangu nimnyime. Alikufa kabla ya Ijumaa ya pili. Nilimzika na wenzangu, nikatia mchanga mara tatu kama wao. Ile radhi aliyoniomba bado ninayo.